Herufi ya Mwisho

Mjomba Ogwang' haoni tena. Presha ya macho
ilianzia pembeni, ikala kama panya alavyo gazeti,
sasa hata katikati hamna kitu.
Jumamosi baada ya chai napanda Migosi
kumsomea Kirusi
nisichokijua.

Herufi alinifundisha kwa kidole, juu ya kitambaa cha meza:
hii inafanana na P lakini kwao ni R,
hii uliyodhani ni H ni N, usiiamini.
Nasoma kama punda abebaye sukari,
mzigo mtamu, ulimi mkavu,
naye anasikiliza, anatabasamu, anakunja uso:
"Rudia hapo. Umemuua mtu ambaye hajafa."

Vitabu ni vipya. Huja kwa bahasha
kutoka kwa rafiki aliyesoma naye uhandisi wa maji
mjini Kharkov, miaka ya sabini,
mji ambao Mjomba aliuita Urusi siku zote
hadi redio ilipomkosoa.
Tangu hapo husema tu "kule."
Rafiki naye hayuko kule. Yuko Tbilisi,
na vitabu vyenyewe vimechapwa mbali na kwao.

Upande wa pili wa rafu ni vya Achola, bintiye,
aliyeko Ohio mwaka wa kumi na tisa huu.
Jalada linateleza, karatasi nyeupe kama chumvi,
nyuma picha ya mwandishi akicheka, meno yote.
Hivi navielewa kila neno.
Namtafsiria Mama Wilkista, mkewe Mjomba,
akichambua omena: mchanga huku, samaki huku.

Mimi nilizaliwa. Mimi sikupendwa. Mimi niliendesha gari
usiku kucha nikafika mahali wasipoweza kutamka jina langu.
Na jina la kabila lake lina kistari katikati,
kitu-na-Mmarekani,
kurasa mia tatu anaishi juu ya kile kistari
kama ndege juu ya waya wa stima.

Mama Wilkista anatikisa ungo.
"Mtoto huyu anahama, anahama. Kwani hana kwao?"

Kwenye vile vingine watu wana majina matatu
na baba amekaa katika jina la kati, hata akiwa mlevi,
hata kama alichukuliwa alfajiri asirudi.
Mjukuu anapekua sanduku la bibi: vifungo, barua,
picha ambayo sura moja imekatwa kwa makasi.
Kurasa arobaini, hakuna aliyetoka jikoni.

"Hawa nawajua," asema Mama. "Hawa ni watu wa Alego.
Matanga hayaishi mpaka wasemane wote."

Nikamuuliza Mjomba ni vipi vyenye ukweli zaidi.
Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala.
"Kwa Kirusi, 'mimi' ni herufi moja,
ya mwisho kabisa kwenye alfabeti.
Mwalimu alikuwa akitukemea nayo: rudi nyuma ya foleni.
Kwa Kiingereza pia ni herufi moja,
lakini huandikwa kubwa hata katikati ya sentensi,
imesimama peke yake kama nguzo ya simu."

"Na sisi?"

Akapapasa kikombe, polepole.
"Sisi tumeibandika kwenye kitenzi. Ninakuja. Nimechoka.
Huioni mpaka ifanye kazi."

"Lakini tuna 'mimi' pia, Mjomba."

"Hiyo ni ya kugombana."

Jumapili Achola akapiga simu. Anaandika kitabu, alisema,
ndani yake kuna baba asomaye Kirusi kwa sauti
nyumbani ambako hakuna amwelewaye.
"Umeniweka wapi?"
"Jikoni, Baba."
Hakucheka. Aligeuza uso dirishani
kama mtu anayetazama.

"Mimi," akauliza Mama Wilkista, mikono imejaa magamba,
"mimi nimo?"

Mtandao wa Ohio ulikuwa unakwamakwama.